Mbwa wa kulinda nyumba na kuishi na watoto: namna ya kumchagua

Swali huja kwa sura ileile kila mara: "Nataka mbwa mkali, lakini asiwaume watoto. Nichukue mbegu gani?" Mara nyingi muulizaji ana picha tayari, Rottweiler mwenye kifua kama pipa, na anachotafuta ni mtu wa kumwambia "ndiyo, mchukue huyohuyo". Nimelijibu vipande vipande mpaka nimechoka. Leo naliandika lote, hatua kwa hatua, pamoja na kosa nililolifanya mwenyewe.

Jambo moja tulimalize mapema maana hatua zote zinalitegemea. Mbwa anayefaa kulinda familia ni yule anayejiamini. Lango likiguswa atabweka. Mgeni akiingia atasimama kati yenu amtazame. Ukimwamkia mgeni kwa uchangamfu, atanusa viatu vyake na kurudi kulala. Yule anayerukia kila kinachopita, hata mtoto aliyefuata mpira wake, watu humsifia ukali, kumbe ni mwoga. Mbwa mwoga humuuma aliye karibu, na walio karibu naye kila siku ni watoto wako.

KABLA YA KUANZA

Usiende kutazama vijibwa kabla hujakamilisha mambo haya. Ukishambeba mmoja kifuani akakulamba kidevu, hesabu zote zinafutika.

- Uzio usio na mianya. Mita 1.8 ndicho kiwango cha chini kwa mbwa mkubwa, na ukague chini pia, kwa sababu asiyeweza kuruka huchimba.
- Muda. Saa moja hadi mbili kila siku za kutembea naye, kucheza na kumfundisha. Kumwacha azunguke uani peke yake hakuhesabiki.
- Mtu mzima mmoja mwenye dhamana. Mtoto wa miaka 9 aliyeapa kumlisha mbwa kila asubuhi ataishia wiki ya tatu.
- Fedha ya kila mwezi, mbali na ya kununulia. Mbwa wa kilo 35 hadi 40 hula takriban gramu 350 hadi 500 za chakula kikavu kwa siku, kutegemea chakula chenyewe na shughuli zake. Ongeza chanjo, dawa za minyoo, kupe na viroboto, na akiba ya dharura isiyoguswa.
- Daktari wa mifugo uliyekwisha kuzungumza naye, ukajua anapatikana wapi usiku.
- Ruhusa. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba. Kisha angalia sheria ya unapoishi, maana baadhi ya mbegu zimekatazwa katika nchi kadhaa. Uingereza, kwa mfano, ilikataza Pit Bull Terrier, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro tangu 1991, na mwishoni mwa 2023 XL Bully akaongezwa kwenye orodha hiyo kwa England na Wales.
- Kauli ya kila mtu nyumbani. Mwenye mzio aende akashinde mchana mzima kwenye nyumba yenye mbwa kabla hamjaamua. Anayeogopa mbwa asilazimishwe.

HATUA

1. Taja kazi unayomtaka aifanye

Neno "ulinzi" limebeba kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni kutoa taarifa: mbwa anabweka, wewe unaamka. Ya pili ni kuzuia: umbo lake, sauti yake na namna anavyosimama vinamfanya mtu asite kuingia. Ya tatu ni kushambulia kwa amri na kuachia kwa amri.

Karibu kila familia inayoniuliza inahitaji ya kwanza na ya pili. Ya tatu ni kazi ya mbwa aliyefunzwa kwa miezi na mkufunzi anayejua anachofanya, halafu akaendelea kufanyiwa mazoezi maisha yake yote mikononi mwa mtu mzima mwenye nidhamu. Mbwa aliyefundishwa kuuma bila kufundishwa kuachia ni hatari, na hatari hiyo inalala nyumbani kwako.

Andika sentensi moja kwenye karatasi: "Nataka mbwa atakaye..." Ikiwa sentensi inaishia kwenye kubweka na kutisha, una mbegu nyingi za kuchagulia, na nyingine zitakushangaza.

2. Ipime nyumba yako kabla ya kumpima mbwa

Una watoto wa umri gani? Mtoto wa miaka miwili huangushwa na mkia tu, bila mbwa kuwa na nia mbaya. Mnapokea wageni wengi? Basi mbegu zinazochukia sura mpya zitakuchosha. Mnaondoka wote asubuhi na kurudi jioni? Sahau mbegu zenye nguvu nyingi. Mbwa wa kazi asiye na kazi hujitafutia, na kazi hiyo huwa ni kula milango. Unaishi kwenye joto? Mbwa wa pua fupi hupata shida kupumua, na wa manyoya mazito hutafuta kivuli kutwa.

Swali ambalo watu hawalifikirii: watoto wako hucheza vipi na wenzao? Mbwa mlinzi anayewapenda watoto wa nyumbani anaweza kuona mieleka na makelele, akaamua kuwa mtoto wa jirani anamshambulia "mwanawe". Kama ua wako hujaa watoto wa watu, chagua mbegu tulivu zaidi, na uweke chumba au banda la kumtenga mbwa wageni wadogo wanapokuja.

3. Punguza orodha ya mbegu

Hapa ndipo watu hutaka kuanzia, nami nimewachelewesha makusudi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, na mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo mbegu itakutabiria ukubwa, nguvu, manyoya, magonjwa ya ukoo na mwelekeo fulani. Tabia ya huyu mmoja atakayelala sebuleni kwako utaitafuta kwa wazazi wake na kwenye malezi yake. Mbegu ni ya kukusaidia kukata majina kwenye orodha.

German Shepherd. Max von Stephanitz alianza kuisimamia mbegu hii Ujerumani mwaka 1899, ikiwa ya kuchunga kondoo, na uchungaji haujaitoka: atazunguka nyumba akihesabu watu. Dume husimama sentimita 60 hadi 65 begani na kuwa na kilo 30 hadi 40. Hujifunza haraka kuliko wengi na hubweka bila kuombwa. Manyoya yake hupukutika mwaka mzima, ufagio hautapumzika. Tatizo lake kubwa ni viungo vya nyonga. Mwepuke yule mwenye mgongo ulioteremka sana hadi anatembea kama anayetaka kukaa. Kwa anayeanza mwenye muda, bado ni chaguo zuri.

Rottweiler. Jina limetoka mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Dume ana takriban kilo 50, jike 42. Aliyelelewa vizuri ni mtulivu, huja kukuegemea miguuni kwa uzito wake wote mpaka uyumbe. Wengine hunguruma kwa raha wakikunwa, jambo linalowatisha wageni bure. Ni mbishi akiwa kijana, na nguvu zake hazimsamehi mwenye nyumba mzembe. Kama humudu kumshika akivuta kamba, mwache.

Boxer. Nikiulizwa mbwa wa nyumba yenye watoto wa shule, huyu ndiye ninayemtaja kwanza, na watu huvunjika moyo kwa sababu hatishi kwenye picha. Ana kifua, ana sauti, ana ujasiri, na uvumilivu wake kwa watoto ni mkubwa. Ila utoto haumtoki haraka: ana miaka mitatu na bado anaruka kama kijibwa. Watoto wadogo sana atawaangusha. Pua yake fupi haipatani na joto kali, na ukoo wake una saratani na magonjwa ya moyo.

Doberman. Alianzia Apolda, Ujerumani, kwa Karl Friedrich Louis Dobermann, mkusanya kodi aliyetaka mbwa wa kumsindikiza kwenye kazi isiyopendwa na mtu. Huganda kwa mwenye nyumba kama kivuli, hana manyoya ya kumkinga na baridi, na kufungiwa nje humharibu. Udhaifu wake ni moyo: misuli yake hudhoofika na kutanuka, na mbwa anaweza kuanguka ghafla akiwa bado na umri wa kati. Bila majibu ya vipimo vya moyo vya wazazi, usilipe hata senti.

Bullmastiff. Alitengenezwa Uingereza karne ya 19 kuwasaidia walinzi wa mashamba ya uwindaji kumkamata jangili, kumwangusha na kumkalia bila kumrarua. Mpaka leo habweki ovyo. Dume hufika kilo 59, mate yanamwagika, maisha yake ni mafupi. Hahitaji mbio nyingi, na kwa familia tulivu ni hazina isiyojulikana sana.

Rhodesian Ridgeback. Vigezo vya mbegu hii viliandikwa Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Utamjua kwa mstari wa manyoya mgongoni yanayoota kuelekea mbele. Ni mkimya, hajipendekezi kwa wageni, manyoya mafupi. Anahitaji kukimbia, na akiona kitu kinakimbia hukusikii tena. Muulize mfugaji kuhusu kasoro ya ngozi ya mgongoni ambayo baadhi huzaliwa nayo, tundu jembamba linaloingia ndani na kutunga usaha.

Sasa wale ambao simshauri anayeanza. Belgian Malinois ni mbwa bora wa polisi, na sababu hiyohiyo inamfanya awe mateso kwa familia ya kawaida. Cane Corso na Boerboel wanawapenda sana watu wao, lakini ukubwa wao na kutokupenda wageni vinataka mtu aliyekwisha kukosea kwa mbwa wadogo zaidi. Kangal na Caucasian Shepherd ni walinzi wa mifugo, waliozoea kuamua wenyewe usiku bila kumuuliza mtu. Ukiwaweka kwenye ua wa mita chache watabweka hadi alfajiri na kukataa amri zako kwa heshima kabisa.

Na kama sentensi yako ya hatua ya 1 iliishia kwenye "kubweka", hata Labrador anatosha. Atampenda mwizi, sawa, lakini mwizi aliye nje ya mlango husikia sauti nzito tu, hajui roho ya mwenye sauti. Mbwa koko mzima, aliyekwisha kujulikana tabia, nimewaona wakilinda vizuri kuliko wenye vyeti vya ukoo.

4. Dume au jike, mtoto au mtu mzima

Kama tayari una mbwa, chukua wa jinsia nyingine. Ugomvi mbaya zaidi huwa kati ya jike na jike au dume na dume. Kama huna, jike wa mbegu kubwa kwa kawaida ni mwepesi wa kilo na rahisi kushikwa na mama wa nyumba au kijana.

Usichukue ndugu wawili wa mzao mmoja kwa pamoja, hata ukipunguziwa bei. Hupendana wao kwa wao na wewe unabaki kuwa mpishi wao.

Mbwa wa miaka miwili au mitatu ana faida moja ambayo kijibwa hana: alivyo ndivyo alivyo, hakuna kubahatisha. Omba kukaa naye wiki mbili kabla ya kukata shauri. Mpeleke karibu na watoto akiwa kwenye kamba, na umtazame yeye, usiwatazame watoto.

5. Mwone mama

Ningeambiwa nibakize hatua moja tu, ningebakiza hii. Kijibwa hurithi damu ya wazazi wote wawili, lakini woga wa mama huurithi na kujifunza pia, maana wiki zote za mwanzo anamtazama yeye.

Mama mzuri anakuwaje? Nitakueleza wa mwisho niliyemwona. Lango lilipofunguliwa alitoka mbio, akabweka mara nne au tano, nywele za mgongo zimesimama. Mwenye naye akasema neno moja. Jike akanyamaza, akaja taratibu, akaninusa magoti, mikono, akazunguka nyuma, akanusa tena. Kisha akaenda kujilaza mahali ambapo angeweza kuniona mimi na wanawe kwa pamoja. Nilipoinama kumshika kijibwa mmoja alinyanyua kichwa, akatazama, akakilaza. Dakika kumi nzima za kumtazama jike yule zilinifaa kuliko vyeti vyote vilivyokuwa mezani.

Ukiambiwa "mama tumemfunga, hapendi wageni", shukuru, ondoka. Ukiambiwa amesafirishwa, ondoka vilevile. Na muuzaji anayetaka mkutane kando ya barabara akiwa na kijibwa ndani ya boksi, usimpigie tena simu.

Muulize mfugaji haya, na umwache azungumze:

- Wazazi wamepigwa picha za eksirei za nyonga na viwiko? Naomba kuona majibu. Kwa Doberman na Boxer, vipimo vya moyo pia.
- Vijibwa wamelelewa wapi? Waliokulia ndani au karibu na jikoni wamesikia sufuria zikianguka, watoto wakilia, redio. Waliokulia kwenye banda la mbali hawajui chochote.
- Wameshikwa na watoto?
- Wana wiki ngapi? Chini ya wiki 8 asiondoke kwa mama. Anayeuza wa wiki 5 anataka kuokoa chakula.
- Nikishindwa naye, utampokea? Mfugaji mzuri hujibu ndiyo kabla hujamaliza swali.

Naye akikuuliza maswali mengi mpaka ukajisikia unahojiwa kazi, umefika mahali penyewe.

6. Chagua kijibwa kati ya ndugu zake

Keti chini, nyamaza, wape dakika kumi. Kisha angusha funguo sakafuni hatua chache kutoka kwao. Unayemtaka atashtuka, kisha atakuja kuangalia ni kitu gani. Mbebe mmoja mmoja kando na wenzake, umshike masikio, vidole na midomo, umlaze chali kwa upole. Akijinyonganyonga kidogo kisha akatulia, vizuri. Anayepiga kelele na kuuma kwa hasira mpaka umwachie, na yule anayeganda kama jiwe, wote wawili uwaache kwa mtu mwenye uzoefu.

Kosa langu lilikuwa hapa. Nilimwona kijibwa amejibanza kwenye pembe ya banda, anatetemeka, wenzake wote wananirukia miguuni. Nikamhurumia. Nikajiambia upendo utamponya. Alikua mkubwa, mzuri wa sura, na hakuna siku hata moja aliyoacha kuogopa. Alipofika mwaka mmoja na nusu alimng'ata mjomba wangu mkononi kwa sababu tu alisimama ghafla kutoka kwenye kiti. Mjomba alishonwa nyuzi nne, na mimi nikajifunza kwamba huruma siyo kigezo cha kuchagulia mlinzi.

Hata hivyo usiyape majaribio haya uzito kuliko yanavyostahili. Kijibwa aliyeamka kutoka usingizini anaweza kufeli yote. Kama mama ni mzuri na huyu ni wa katikati, si mkorofi wala mwoga, mchukue.

7. Wiki za mwanzo nyumbani

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, akili ya kijibwa iko wazi: anachokutana nacho bila kuumia hukiweka kwenye fungu la vitu vya kawaida. Baada ya hapo kitu kipya huanza kuwa cha kutiliwa shaka. Ukimchukua ana wiki 8, umebakiwa na wiki sita. Kila siku mwonyeshe kitu kimoja kipya: mzee mwenye mkongojo, mtu wa kofia pana, pikipiki, mtoto anayetambaa, mwavuli unaofunguka. Mpe kipande cha chakula kila mara, usimsukume.

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa kuanzia wiki 12. Hiyo ya mwisho usiicheleweshe, kwa sababu watu karibu wote wanaopata kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa. Kabla hajakamilisha chanjo mbebe mikononi, asikanyage mahali mbwa wengine wanapojisaidia.

Tahadhari: utaambiwa usimzoeshe watu, eti hatalinda. Puuza. Mbwa anayejua hali ya kawaida ndiye atakayetambua isiyo ya kawaida. Aliyefichwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku hajui tofauti ya mwizi na mwanao aliyetoka chooni.

8. Wafundishe watoto kabla ya kumfundisha mbwa

Mbwa akila, haguswi. Akilala, haamshwi kwa kushikwa. Hakumbatiwi shingoni, hapandwi kama punda, hafuatwi akiondoka. Mtoto wa chini ya miaka 6 haachwi na mbwa chumbani peke yao, hata kwa dakika ya kufungua mlango, hata kama mbwa ni "malaika".

Wewe mzazi jifunze alama za mbwa aliyechoka: kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso, weupe wa jicho kuonekana pembeni, mwili kuganda. Picha nyingi za kupendeza za mtoto amemkumbatia mbwa zina alama tatu kati ya hizo.

Na akinguruma, usimchape. Ngurumo ni onyo. Ukimpiga ataacha kuonya na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Mwondoe mtoto, kisha utafute sababu.

9. Subiri ulinzi uje wenyewe

Silika ya kulinda hukomaa polepole, kati ya mwaka mmoja na mitatu kwa mbegu kubwa. Kazi yako kabla ya hapo ni kumfundisha kaa, baki, njoo, acha, na neno la kunyamaza. Akibweka langoni, nenda ukatazame, mwambie "vizuri", kisha mwambie "kimya" na umpe kitu. Hivyo anajua kazi yake inaishia kwenye taarifa, wewe ndiye unayeamua.

Asichokozwe na vijana kwa fimbo ili "awe mkali", na asifungwe mnyororo kutwa. Mbwa wa mnyororo hujifunza kwamba hawezi kukimbia, kwa hiyo kila anayesogea lazima amuume. Usiku alale ndani au karibu na mlango, mahali ambapo sauti za nyumba anazisikia. Mbwa hulinda watu aliowazoea na pale anapopaona ni pake.

IKIWA MAMBO HAYAENDI

Ana miezi 5 na habweki kabisa. Ni mtoto. Subiri mwaka uishe.

Anabweka kila jani linaloanguka. Mara nyingi hana cha kufanya. Ongeza matembezi, mzuie asione barabara mchana kutwa, na urudi kwenye mazoezi ya "kimya". Ukimpigia kelele anadhani mnabweka pamoja.

Anang'ata mikono ya watoto akicheza. Kati ya miezi 4 na 6 meno yanabadilika na fizi zinamwasha. Mpe vitu vya kutafuna. Akiuma, mchezo unakatika palepale na watoto wanasimama kama miti. Wakikimbia wanampa mchezo mzuri zaidi.

Ananguruma ukikaribia bakuli. Usimnyang'anye kumwonyesha bwana ni nani. Pita mbali kidogo, mtupie kitu kitamu zaidi, endelea na safari zako. Rudia siku nyingi ukisogea taratibu. Kama amewahi kumrukia mtu kwa ajili ya chakula, alishwe kwenye chumba kilichofungwa na umtafute mkufunzi asiyetumia kipigo.

Ghafla amekuwa mkali, wakati hakuwa hivyo. Kwanza daktari wa mifugo. Nyonga inayouma, sikio lenye usaha na jino bovu vimewafanya mbwa wengi kuitwa wabaya.

Tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka. Hii haingoji asubuhi. Mbwa wa vifua virefu kama Doberman, German Shepherd na Great Dane tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na mbwa akafa ndani ya saa chache. Beba, nenda, piga simu ukiwa njiani. Kumpa milo miwili au mitatu midogo kwa siku badala ya mmoja mkubwa hupunguza uwezekano.

Amemuuma mtu. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali, hata kama mbwa amechanjwa. Chukua kadi ya chanjo uende nayo. Mbwa atengwe, asiuawe kwa hasira, maana daktari atataka kumchunguza kwa siku 10.

Mmejaribu kila kitu na nyumba inaishi kwa hofu. Mpigie mfugaji aliyekubali kumpokea. Mwambie yote, pamoja na nani aliumwa na ilikuwaje, na umwandikie kwenye karatasi ili anayefuata naye asifichwe. Mpelekee na bakuli lake na kitambaa alichokuwa akilalia.